Pacha Aliyefichwa

"Basi nimembemenda mmoja nikamwacha mwenziwe?" alisema Ruweida. "Ndivyo unavyoniambia, mama? Wametoka tumbo moja. Wananyonya maziwa yaleyale, huyu akiachia ziwa la kulia mwenziwe analidaka. Sasa huo uchafu wangu ulijuaje kumchagua Silima?"

"Usinipandishie sauti ndani ya ukumbi wangu," alisema Bi Mwanapili, mama wa mumewe.

"Sipandishi. Nauliza nijibiwe."

"Mkubwa akishasema, huulizi. Unakoga, unatubia, unanyamaza."

Asya alicheka bila ya kuinua uso. Alikuwa wifi yake Ruweida, dada mkubwa wa mumewe, na alikaa mlangoni akichambua karafuu, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. "Wifi, bora ungenyamaza," alisema. "Kitanda cha kamba hakina siri. Na chumba changu na chenu ukuta mmoja."

"Kitanda kinalia nikijigeuza kumnyonyesha mmoja na kumfunika mwengine. Ungekuwa na mapacha ungelijua."

"Mwenyezi Mungu hakunipa."

"Basi usisikilize vitanda vya watu."

Bi Mwanapili alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mjukuu wake Silima amemlaza mapajani. Kwa kidole kimoja alikuwa akikoroga mvuje, ile dawa ya harufu kali, pamoja na majivu na mafuta ya nazi ndani ya kifuu. Akachota, akampaka mtoto utosini, juu ya lile bandiko la asubuhi lililokwisha kukauka. Silima hakukataa. Mtoto wa miezi tisa, aliyekuwa akimng'oa bibi yake kipini cha pua, alilala kama nguo iliyokamuliwa. Alifungua mdomo kulia, sauti ikatoka nyembamba, macho makavu.

Neno lenyewe, kubemenda, lilikuwa limetupwa humo ndani tangu jana. Katika nyumba ile, mtoto anayenyonya akiharisha mpaka akalegea, haikuulizwa amekula nini wala amekunywa maji gani. Iliulizwa mama yake amelala na nani. Wazazi wakikutana mtoto hajaacha ziwa, ilisemwa, joto lao humharibu. Ni ugonjwa wa aibu, na ugonjwa wa aibu haupelekwi kwa daktari. Hutiwa ndani, hufungiwa pazia, husubiriwa.

Na kulikuwa na jambo jengine lililowachanganya wote. Laila, pacha wa kike, naye alikuwa akiharisha. Alianza siku moja na kaka yake. Amebadilishwa nepi mara nyingi, uji wa asubuhi ameurudisha wote juu ya kanga ya mama yake. Lakini muda huo alikuwa anatambaa juu ya jamvi, ngumi imejaa makonyo, na Asya anamkimbiza kwa ufagio.

"Na huyo hapo?" Bi Mwanapili alimnyooshea kidole. "Si ndiye uliyempeleka kituo cha afya akatiwa matone mdomoni? Ukampeleka tena, akatiwa tena. Ukarudi umevimba kichwa: matone ya kuzuia kuharisha! Haya, yamezuia nini? Mtazame nyuma."

Ruweida alimtazama nyuma. Nepi ilikuwa imevuja. Siku ya matone nesi alieleza, lakini alieleza mbele ya wanawake wengi na watoto wengi wanaolia, na Ruweida alishika nusu tu.

"Sijui," alisema. "Ninachokijua ni kuwa Laila anaharisha na anakula makonyo ya shangazi yake. Silima anaharisha na hawezi kushika kidole changu. Nampeleka hospitali."

"Humpeleki. Utawatoa wote wawili mchana huu, watu wamejaa uwani wanachambua karafuu? Mapacha hawatoki pamoja. Nimekwambia tangu umewazaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Mapacha huvuta jicho la husuda. Ukiwatoa wote, unampoteza mmoja au wote. Ukitaka kutoka, unatoka na mmoja, na mmoja anabaki nyuma ya pazia, wala hasemwi. Aliyetoka kila mara alikuwa Laila. Yeye alizaliwa mkubwa, ni mtoto wa kike, na hakubeba jina la mtu. Silima alizaliwa mdogo kama paka, akapewa jina la babu yake marehemu, na Bi Mwanapili akaapa kuwa huyo hatatazamwa na mtu. Ruweida alikubali. Alikuwa bado ana maumivu ya uzazi, nyumba si yake, na kubeba mtoto mmoja mpaka kituoni ni kazi nyepesi kuliko kubeba wawili. Hivyo Laila alichomwa sindano zake na kunywa matone yake. Silima alifungwa hirizi.

*

Hafidh, mume wa Ruweida, alirudi mchana kutoka mashambani, mikono myeusi kwa utomvu wa mikarafuu, ngazi begani. Hakufika hata kuitua. Ruweida alimkuta uwani.

"Mtoto anakwenda. Niitie boda."

Hafidh alitazama mlango, pale aliposimama mama yake.

"Usinitazame mimi," alisema Bi Mwanapili. "Nshasema langu. Ikiwa hapana budi, atolewe baada ya magharibi, peke yake, amefunikwa gubigubi. Laila abaki."

"Laila ananyonya," alisema Ruweida. "Silima ananyonya. Na mimi ni mmoja. Nijikate?"

"Subiri kwanza," alisema Hafidh. "Nikanunue ile dawa ya kuchanganya na maji. Tukiona hapati nafuu, tutajua."

Alikwenda dukani kwa Hakimuddin kwa baiskeli. Kwenye benchi la nje walikaa wanaume wanaosubiri kupimiwa karafuu zao, na mmoja wao, Nyange, waliyewahi kusoma pamoja, alimwona kwa mbali.

"Huyoo! Bwana hodari!"

"Asalaam alaykum," alisema Hafidh.

"Wa alaykum salaam. Hafidh, mwenzetu, kungoja mtoto aache ziwa kumekushinda? Si ungekuja kulala hapa dukani na magunia?"

Wakacheka. Hafidh naye alijaribu kucheka, uso ukakataa. Asubuhi ile neno lilikuwa ndani ya ukumbi wao. Mchana lilikuwa limekwisha kufika dukani. Ndani, Hakimuddin alimpa pakiti mbili bila ya kutabasamu.

"Moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa," alisema. "Kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika na hii, usirudi kwangu, Hafidh. Sina dawa ya mbele ya hapo. Nenda hospitali."

Hafidh alirudi nyumbani amekasirika, na hasira aliipeleka mahali rahisi. "Umenifanya mchezo wa duka zima," alimwambia mkewe.

"Mie? Mie nilikuwepo dukani?"

"Ungenyamaza tangu jana lisingetoka nje."

"Lisingetoka kama lisingesemwa. Aliyelisema amekaa pale, mwendee ukamkasirikie." Alikuwa tayari anachemsha maji. "Na tukizungumza la haki, Hafidh, tulifanya au hatukufanya?"

Hafidh alitazama huku na huku. "Ruweida!"

"Tulifanya. Mimi na mume wangu wa ndoa, na sina haya nalo. Wakitaka nikalitangaze dukani nitalitangaza. Sasa nishikie mtoto."

Alimpa kijiko cha kwanza, Silima akakitapika. Akangoja, akampa cha pili, akakitapika. Cha tatu hakukitapika. Maji yalikaa mdomoni, kisha yakatoka pembeni polepole, kwa sababu mtoto hakuwa na nguvu ya kumeza.

"Unammiminia maji mtoto anayevuja," alisema Bi Mwanapili. "Ndiyo unazidi kumfungulia. Mwache tumbo likauke."

Ruweida alichukua kitambaa, akakirowesha maji ya vuguvugu, akaanza kulifuta lile bandiko utosini. Bi Mwanapili aliinuka kwa haraka isiyolingana na umri wake.

"Usiondoe! Utosi ushaingia ndani, ndiyo nimeuwekea dawa!"

"Nataka kuuona."

Bandiko liliondoka kwa mapande. Chini yake hapakuwa na utosi wa mtoto, palikuwa na shimo. Ungeweza kutia maji yakakaa. Hafidh alijiziba mdomo kwa mkono. Ruweida akainua shati la mtoto, akaifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama pale pale kama upindo wa nguo.

"Huu ndio ugonjwa, mama," alisema. "Mtoto amekwishiwa na maji. Wewe umeufunika kwa mvuje tangu jana, na sote tumekaa tunatazama mvuje."

"Nilikuwa namtibu."

"Najua ulikuwa unamtibu. Nami nimekuachia. Basi sikuachii tena."

Alichukua kanga, akamfunga Laila mgongoni. Akachukua nyengine, akamfunga Silima kifuani.

"Ngoja magharibi," alisema Hafidh, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kuwa hasikilizwi. "Si mbali tena."

"Kwa Silima ni mbali."

Bi Mwanapili alivua mtandio wake mwenyewe, akautupa juu ya kichwa cha Silima kumfunika. Ulianguka kizingitini. Ruweida aliuruka, akatoka.

Uwani kulikuwa na majamvi kutoka ukuta mpaka ukuta, na wanawake wa mtaa mzima wamekaa wakichambua karafuu kwa ujira. Mazungumzo yalikatika. Baadhi yao waliishi nyumba ya tatu na hawakuwahi kumwona Silima tangu kuzaliwa kwake.

"Mashaallah!" mmoja alisema. "Kumbe wawili wazima?"

"Wawili," alisema Ruweida. "Na mmoja anakufa. Nipisheni."

Walimpisha. Alipita katikati ya majamvi, na karafuu alizozikanyaga hapakuwa na aliyezihesabu. Barabarani alimsimamisha Pandu mwenye boda, akapanda na watoto wake mbele na nyuma. Hafidh alifuata nyuma kwa baiskeli, mikono yake bado myeusi, akikanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa.

*

Nesi aliyewapokea hospitali aliitwa Kauthar. Alimwangalia Silima mara moja tu, akamnyakua. Mambo yote yalifanyika kwa pamoja: taa, mkono mdogo uliotafutwa mshipa ukakosekana, mguu, kisha kichwa, na daktari kijana anayetaja namba. Ruweida alisimama ukutani na Laila mgongoni. Mara dripu ilipoanza kudondoka ndipo Nesi Kauthar alipomgeukia.

"Mmekaa naye siku ngapi hivi?"

"Tangu juzi."

"Tangu juzi! Na hii harufu kichwani ni kitu gani? Mvuje? Mama, wewe umesoma?"

Wagonjwa wengine na wauguzaji wao waligeuka kutazama. Ruweida alihisi masikio yanawaka moto. "Nimesoma mpaka kidato cha nne," alisema.

"Kadi ya mtoto iko wapi?"

"Hana."

"Hana vipi? Na huyo mgongoni?"

"Huyo anayo. Ni pacha wake."

Nesi Kauthar aliinua macho. Aliichukua kadi ya Laila, ambayo Ruweida aliifungua kutoka pindo la kanga, akaisoma, akaitazama sura ya Laila aliyekuwa amenyoosha mkono kutaka kalamu yake. "Huyu amepata matone yote. Mwenziwe hakupata hata moja. Kwa nini?"

Angeweza kusema alikuwa na homa, au alikuwa shamba kwa bibi yake. Siku ile kituoni, walipomuuliza pacha wa pili yuko wapi, aliwaambia ana mafua. Sasa hakuwa na nguvu ya uongo.

"Tulimficha," alisema. "Tuliogopa jicho. Tulimtoa huyu tunayemwogopea kidogo, tukamficha tunayemwogopea sana."

Mwanamke mmoja wa kitanda cha pili alicheka kidogo, kisha akaona haya. Nesi Kauthar hakucheka. Alivuta kiti.

"Kaa. Umpe huyo wa mgongoni ziwa, na dawa hii ya kikombeni umpe kwa kijiko, maana naye ni mgonjwa, usifikiri ni mzima."

"Ndilo nililotaka kuuliza," alisema Ruweida. "Mkwe wangu anasema matone hayafai kitu, kwa sababu Laila naye anaharisha. Sikuwa na la kumjibu. Nipe jibu."

"Mkwe wako ana macho, hilo kaliona sawa. Matone hayazuii kila kuharisha. Tumbo linaharibika kwa mambo mengi, na haya matone yana adui mmoja tu, kirusi kinachopenda sana watoto wa umri huu. Na hata kwa adui huyo si ukuta. Mtoto aliyechanjwa anaweza kuumwa. Wapo waliochanjwa na nikawapokea hapa wakiwa hoi, sikudanganyi."

"Sasa faida yake?"

"Faida yake umeibeba mgongoni siku nzima." Nesi Kauthar aliashiria kwa kidevu. "Kazi kubwa ya matone ni kumzuia mtoto asifike pale alipofika mwenziwe. Mwili unakuwa umekwisha kumjua adui. Anaumwa, anachafua nepi, anakuudhi, anapona kwenye mkeka wenu. Si wote. Lakini wengi. Mimi nikiona mtoto ameletwa hapa ngozi imesimama hivi, swali langu la kwanza ni kadi."

"Na Silima? Anaweza kupewa sasa?"

"Matone yana umri wake, umri umempita. Zipo chanjo nyengine nyingi ambazo hazijampita." Akainuka. "Kwanza apone."

Hakusema kama atapona.

*

Bi Mwanapili alikuja siku ya pili na Asya, wamebeba chupa ya chai na chakula kwenye kikapu. Alipofika mlango wa wodi alisimama. Vitanda vilijaa, na kila kitanda kina macho. Silima alikuwa ameachwa wazi katikati ya watu wote hao, mpira wa dripu umebandikwa kichwani, pembeni ya pale palipokuwa na mvuje. Bi Mwanapili alivuta kanga kutaka kumfunika.

"Usimguse bomba, bibi," alisema Nesi Kauthar akipita.

Alikaa chini, pembeni ya kitanda. Asya alimpakata Laila, na Laila alimnyang'anya kipande cha mkate, akakitafuna, akakitema, akakitaka tena. Nepi yake ilikuwa chafu. Asya akamwambia, "Wewe huna adabu hata ya kuumwa," akatoka naye kwenda kumsafisha.

Kisha Bi Mwanapili alisema, "Usifikiri napenda kumfungia mtu. Mie nilizaa mapacha. Kabla ya Asya."

"Sikuwahi kuambiwa."

"Hawasemwi. Niliwachukua harusini wote wawili, nimewavisha sawasawa. Wanawake wakawagombania, huyu anabeba huyu, yule anambusu yule, wanawalisha uji. Hazikupita siku nyingi. Wakaondoka, huyu akafuatiwa na huyu."

"Waliondoka na nini, mama?"

"Na jicho."

"Jicho liliwafanya nini? Walikuwaje?"

Bi Mwanapili alikunjua pindo la kanga, akalikunja tena. Alimtazama Silima, midomo iliyopasuka, macho yaliyoanza kurudi mahali pake.

"Waliharisha," alisema.

Ruweida alitaka kusema mengi. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Tangu juzi alikuwa akiyapanga. Akammiminia chai, akamsogezea kikombe.

"Wakati huo hapakuwa na matone," alisema.

"Hapakuwa na kitu. Palikuwa na mvuje."

Alikunywa chai yake. Asya aliporudi na Laila msafi, Bi Mwanapili alikuwa ameshika mguu wa Silima, anausugua unyayo kwa dole gumba, bila ya kuangalia nani anatazama. Lakini hakusema kuwa alikosea, na Ruweida hakumngojea aseme.

*

Siku waliyoruhusiwa Silima alikuwa mwepesi kama kapu tupu, lakini alikaa mwenyewe, na alimpiga Laila kwa kijiko. Hafidh alikuja pamoja na mama yake na Asya, na boda mbili, ya Pandu na ya mwenzake. Ulikuwa mpango wa mama yake: Ruweida atangulie na Laila, na Bi Mwanapili afuate na Silima chini ya buibui, kwa njia ya nyuma.

Nesi Kauthar aliwafuata ukumbini. "Msiondoke bado. Leo siku ya chanjo, chumba kile mwisho. Hawa wamefika umri wa sindano ya surua, wote wawili. Na huyu mdogo ataanza na zile za nyuma alizozikosa. Nimekwisha mwambia mwenzangu."

Mbele ya chumba kile kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi wanawake kutoka kila upande, Ole, Wete, mpaka waliovuka bahari kutoka kisiwa cha Fundo, kila mmoja na mtoto wake. Wengi walikuwa wamekwisha kuwaona mapacha na wananong'onezana.

Bi Mwanapili alimshika Ruweida mkono. "Siku nyengine. Ametoka kwenye mauti jana, unamweka mbele ya halaiki? Mchukue Laila leo. Silima nitamleta mimi mwenyewe wiki ijayo. Nakuapia."

"Utamleta?"

"Nakuapia, mwanangu."

Ruweida alimwamini. Alijua pia kuwa wiki ijayo kutakuwa na karafuu za kuanika, na baada ya karafuu kutakuwa na mvua, na baada ya mvua mtoto atakuwa na kikohozi. Hivyo ndivyo Silima alivyofika miezi tisa.

"Hafidh," alisema. "Wewe unasemaje?"

Hafidh aliwatazama wanawake wa mabenchini. Pale hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Miongoni mwao alimwona mke wa Nyange, na mke wa Nyange alikuwa amekwisha kuziba mdomo kwa kanga, anacheka. Hafidh akawaendea wale vijana wa boda, akawaambia wazime pikipiki zao.

Akarudi, akanyoosha mikono. "Nipe mmoja."

"Mwanamume kwenye foleni ya wanawake?" alisema Asya. "Ehee! Dukani watapata habari mpya."

"Wapate," alisema Hafidh.

"Ungenisaidia tangu mwanzo ningekupa," alisema Ruweida. "Leo nawabeba mwenyewe. Wewe mshike mama yako, asianguke."

Alikwenda moja kwa moja mpaka benchi la mbele, akakaa. Akamweka Laila paja la kushoto na Silima paja la kulia. Akazifungua kanga, akawavua kofia, vichwa vikawa wazi, kile kilichojaa nywele na kile kilichonyolewa kwa ajili ya dripu.

"Mapacha?" aliuliza mwanamke wa pembeni, kwa sauti ya chini, kwa heshima.

"Mapacha," alisema Ruweida, na hakuiteremsha sauti yake. "Silima na Laila, wana wa Hafidh. Mkipenda watazameni, leo mnaruhusiwa."

Mlango ulifunguliwa. Nesi wa chanjo alitoa kichwa, akaona wawili. "Tuanze na yupi, mama?"

"Huyu aliyefichwa," alisema Ruweida, akainuka, akaingia nao, na kwa mkono wake mwenyewe akamvua Silima shati.